Pazia la kutunza joto katika kitalu nyumba cha biashara: tathmini ya kifaa na ya usimikaji wake

Pazia la kutunza joto ni kifaa ambacho kila kitalu nyumba cha biashara kinachopashwa joto usiku kinastahili kuwa nacho, na kinastahili kununuliwa kabla ya boila mpya, kabla ya taa mpya na kabla ya kompyuta mpya ya kuongoza hali ya hewa. Ninatanguliza hukumu hiyo ili msomaji asije akadhani kwamba malalamiko yatakayofuata, ambayo si machache, yanakikataa kifaa chenyewe. Ninacholalamikia ni namna kinavyouzwa na kusimikwa. Muuzaji anauza kitambaa kwa mita ya mraba, ilhali mkulima anahitaji dari iliyozibwa kila upande, na katika tofauti ya mambo hayo mawili ndimo hupotelea sehemu kubwa ya joto lililokusudiwa kuokolewa.

Kitalu ninachokizungumzia ni cha vioo vya tabaka moja, chenye mapaa kadhaa yaliyounganishwa kwa mifereji, na zao letu kuu ni nyanya. Joto hutoka kwenye boila ya gesi inayopasha maji, nayo maji huzunguka katika mabomba yaliyolazwa kati ya mistari ya mimea. Pazia tulilosimika limefumwa kwa vipande vyembamba vya alumini na vya poliesta, vilivyopangwa kwa kupokezana na kushikwa pamoja kwa uzi. Hutandazwa na kukunjwa kwa mota yenye gia, likisafiri kutoka kenchi moja hadi nyingine juu ya nyaya zilizokazwa. Jina la kampuni iliyotuuzia sitalitaja, kwa kuwa kasoro nilizoziona wamenieleza pia wakulima walionunua kwingine, na naamini zinatokana na mazoea ya biashara hii kuliko uzembe wa mtu mmoja.

Ili kulitendea haki pazia hili, inabidi kwanza tuone joto la kitalu hupotelea wapi. Kioo cha tabaka moja hupitisha takriban wati 6 katika kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Chukua paa la mita za mraba 1,000, na usiku ambao hewa ya nje ina baridi kuliko ya ndani kwa nyuzi 15. Paa hilo pekee hupoteza kilowati 90 mfululizo, ambazo kwa saa 12 ni kilowati-saa 1,080, yaani karibu mita za ujazo 108 za gesi asilia hata kabla ya kuhesabu hasara ya boila yenyewe. Pazia lililozibwa vizuri linaweza kushusha upitishaji huo kutoka wati 6 hadi wati 3.5 hivi, na hapo hasara ya paa inakuwa kilowati 52.5. Tofauti ya usiku mmoja ni kilowati-saa 450. Mkulima yeyote anayelipia nishati anaweza kuendeleza hesabu hiyo kwa eneo lake na kwa baridi yake.

Usiku ndio wenye uzito katika hesabu hii. Kwa kawaida robo tatu au zaidi ya joto ambalo kitalu hununua hutumika baada ya jua kuzama, kwa sababu mchana jua lenyewe hubeba sehemu kubwa ya mzigo hata katika msimu wa baridi. Kifaa kinachofanya kazi usiku na kukunjwa asubuhi kwa hiyo kinagusa sehemu kubwa ya bili bila kuunyima mmea mwanga unaoishi kwao. Hapo ndipo pazia linapolishinda tabaka la pili la kudumu la kioo au plastiki, ambalo huokoa joto usiku lakini likaendelea kuzuia mwanga mchana kutwa, mwaka mzima.

Liko pia jambo ambalo kipimajoto cha hewa hakilioni. Katika usiku usio na mawingu, anga huwa kama kitu chenye baridi kuliko hewa kwa nyuzi 10 hadi 20 au hata zaidi, na paa la kioo, kwa kuwa limepoa, huvuta mionzi ya joto kutoka kwenye majani ya juu. Nikielekeza kipimajoto cha mionzi kwenye vichwa vya mimea katika usiku wa namna hiyo pazia likiwa limekunjwa, naona vichwa vimepoa kuliko hewa inayovizunguka, ingawa kompyuta inaonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Pazia likiwa limetandazwa, tofauti hiyo karibu yote inatoweka. Maana yake ni kwamba pazia halipunguzi gesi tu, bali linaufanya mmea upate kweli joto ambalo mkulima ameandika kwenye kompyuta, na vichwa vya nyanya vinavyobaki na joto lake havirudi nyuma katika ukuaji wala havikusanyi umande kirahisi. Faida hiyo sikuikuta katika kijitabu cha muuzaji, nami naiweka juu kuliko nyingi zilizoandikwa humo.

Kitambaa chenyewe ni kizuri, na sina neno baya juu yake isipokuwa tahadhari moja. Ukikishika dhidi ya mwanga unaona vipande vya alumini viking'aa kama kioo, na kati yake poliesta inayopitisha mwanga kidogo, na uzi mwembamba unaoacha vitundu ambavyo macho huviona kwa taabu. Vitundu hivyo vina kazi, kwa sababu unyevu hupenya kidogo kidogo kwenda juu badala ya kukusanyika wote chini ya pazia. Alumini hurudisha mionzi ya joto chini kwenye mimea, na hiyo ndiyo sababu ya kulipia zaidi ya kitambaa cha kawaida. Lakini maji ni kitu kinachomeza na kutoa mionzi ya joto kwa urahisi mkubwa. Upande wa chini wa pazia ukilowa kwa mvuke ulioganda kuwa utando wa maji, alumini hiyo inaanza kutenda kazi kama kitambaa chochote kile, na vumbi likitanda juu yake hali inakuwa mbaya vilevile. Mkulima anayelipia alumini kisha akaacha unyevu upande bila mpango analipia kitu asichokitumia.

Sasa niingie kwenye asilimia, kwa kuwa ndizo zinazouza bidhaa hii. Vijitabu vya mapazia huandika asilimia ya nishati inayookolewa kwa kila aina ya kitambaa, nazo huwa za kuvutia. Si za uongo. Zimepimwa kwa kitambaa kilichotandazwa bila mwanya, katika mazingira yaliyodhibitiwa, kwa saa ambazo pazia limefungwa. Kitalu kinachofanya kazi kina nguzo, kuta za vioo, mifereji, milango na mota, na pazia lake halifungwi saa 24. Kiasi ambacho wataalamu wengi hukubaliana nacho ni kwamba pazia hupunguza upotevu wa joto wa usiku kwa asilimia 20 hadi 50, kutegemea kitambaa na usimikaji. Ukichukua asilimia 40 usiku, na ukakumbuka kwamba robo tatu ya joto hutumika usiku, kinachookolewa katika bili ya joto ya mwaka ni asilimia 30 hivi. Hiyo ni faida kubwa mno na haihitaji kupambwa. Muuzaji anayemweleza mkulima hesabu hiyo wazi wazi anajenga imani, na anayemwonyesha namba ya maabara pekee anamwandalia masikitiko ya msimu wa kwanza.

Mahali ambapo asilimia hizo hupotelea ni kwenye kingo, na hapa ndipo nilipopata uchungu wa kweli. Hewa ya joto chini ya pazia ni nyepesi, na hewa iliyo juu yake, kati ya pazia na kioo, ni baridi na nzito. Mwanya wowote kati ya hewa hizo mbili unakuwa bomba la moshi: ya joto inapanda upande mmoja, ya baridi inaporomoka upande mwingine. Mafundi waliotusimikia walilifikisha pazia ukutani wakaondoka, wakiacha upenyo mwembamba kwa urefu wa ukuta mzima na mwingine mpana zaidi kila mahali nguzo inapopita. Usiku nilipowasha kijiti cha moshi karibu na ukuta wa upande unaopigwa na upepo, moshi uliokuwa ukipanda taratibu katikati ya kitalu ulinyooka ukanyonywa na upenyo ule kama unavutwa kwa feni. Hatua chache kutoka hapo, chini ya upenyo mwingine, uligeuka na kushuka hadi kwenye majani. Mstari wa mimea uliokuwa chini ya upenyo huo ulikuwa umedumaa kuliko mistari yote, na sikuhitaji kipimo kingine cha kunithibitishia.

Tulipoirudia kampuni, jibu lilikuwa kwamba kuziba kingo ni kazi ya ziada isiyokuwamo kwenye mkataba. Nalisema hili kwa uzito: kuuza pazia la kutunza joto bila kuziba kingo ni kuuza koti bila vifungo, na mnunuzi asiyejua fizikia ya hewa hana namna ya kugundua kwamba kilichoachwa nje ya mkataba ndicho kilichokuwa kiini cha mkataba. Mwishowe kazi hiyo ilifanywa na mafundi wetu wenyewe. Kando ya kuta walining'iniza ukanda wa kitambaa kilekile, ulioshikizwa ukutani na kulalia pazia linapofika mwisho wa safari yake. Kwenye nguzo walifunga kola za kitambaa zenye mkato wa kupitishia. Na pazia linapokutana na kenchi walihakikisha ubao wake wa mbele unagusa kitambaa cha jirani kwa urefu wote, si katikati peke yake. Baada ya hapo ndipo pazia lilipoanza kufanya kazi niliyoinunulia, na boila ikaanza kupumzika katika saa za alfajiri ambazo zamani ilikuwa ikikimbizana na baridi.

Kingo si mwisho wa habari ya hewa. Kitalu cha vioo kilichotunzwa vizuri hubadilisha hewa yake yote mara moja au mbili kwa saa kupitia mianya ya vioo, milango na madirisha ya paa, na kilichochakaa kinaweza kufikia mara nne. Kwa kitalu chenye mita za ujazo 5,000 na tofauti ileile ya nyuzi 15, kila badiliko moja la hewa kwa saa hugharimu karibu kilowati 25. Pazia huzuia sehemu ya hewa hiyo, lakini dirisha la paa lisilofunga sawasawa na mlango wa kupitishia mikokoteni usiokuwa na mpira wa kuziba vitaendelea kula sehemu ya kile pazia linachookoa. Ni kazi ya bei nafuu, isiyohitaji mtaalamu kutoka mbali, na ningependa kuona kila kampuni inayokuja kupima kitalu kwa ajili ya pazia ikipita kwanza kwenye madirisha na milango na kuandika inachokiona.

Uendeshaji wa pazia unahitaji akili zaidi kuliko ununuzi wake. Mmea huendelea kutoa mvuke usiku, na chini ya pazia mvuke huo hauna tena kioo cha baridi cha kugandia na kutiririka nacho. Unyevu unapanda, na unyevu uliozidi huleta ukungu wa kijivu kwenye mashina na vikonyo. Suluhisho linalofundishwa na wasimikaji wengi ni kuacha upenyo wa asilimia chache katikati ya pazia. Kwa maoni yangu suluhisho hilo ni baya: linaporomosha ukanda wa hewa baridi juu ya mimea iliyo chini ya upenyo, linavuruga usawa wa joto katika kitalu, na linaifanya boila ifidie. Njia iliyo bora ni kuliacha pazia limefungwa kabisa na kufungua kidogo madirisha ya paa yaliyo juu yake, upande usiopigwa na upepo, ili hewa ya juu ya pazia ikauke na mvuke upenye kwenye kitambaa polepole. Wakulima wa Uholanzi wamelisukuma wazo hilo mbali zaidi kupitia mfumo wa kilimo unaoitwa Het Nieuwe Telen, yaani kilimo kipya, uliojengwa kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen. Humo mapazia hutumika kwa saa nyingi zaidi, mara nyingi mawili kwa pamoja, na hewa kavu ya nje huingizwa kwa feni kwa kiasi kilichopimwa badala ya kumwaga joto kupitia madirisha.

Mfumo huo umekosoa pia tabia moja ambayo wengi wetu tulirithi bila kuihoji, nayo ni kuyaacha mabomba yakiwa na joto la kiwango cha chini wakati wote kwa imani kwamba mmea lazima uhimizwe kutoa mvuke. Kila lita ya maji inayogeuka kuwa mvuke humeza takriban kilowati-saa 0.68. Mkulima akiwasha bomba ili mmea utoe mvuke, kisha akafungua dirisha ili mvuke utoke, amelipia nishati hiyo na kuitupa nje kwa mkono wake. Pazia lililosimikwa katika kitalu kinachoendeshwa kwa tabia hiyo litaokoa kidogo, na lawama itaangukia kitambaa.

Asubuhi ina hatari yake. Hewa iliyolala usiku kucha juu ya pazia ni baridi, na pazia likikunjwa kwa mkupuo, hewa hiyo yote huiangukia mimea iliyokuwa kwenye joto. Maua hupata mshtuko, matunda yaliyopoa hufunikwa na umande, na vihisi vya joto hushtuka vikaiamuru boila kuwaka kwa nguvu zote, hivi kwamba sehemu ya akiba ya usiku inateketea katika nusu saa. Kompyuta yetu ilikuja ikiwa imepangwa kukunja pazia kwa mwendo mmoja kwa saa maalumu. Tuliibadilisha ikunje kwa vipande vidogo vyenye mapumziko, na ianze kwa kufuata mionzi ya jua badala ya saa. Wakulima wengi huanza kukunja mionzi ya nje inapofika kati ya wati 50 na 150 kwa mita ya mraba, wakichagua namba ya juu siku yenye baridi kali. Chini ya hapo, mwanga unaoingia ni mdogo na joto linalotoka ni kubwa. Kwenye nchi zenye theluji kuna agizo moja lisilo na mjadala: theluji inapoanza kulundikana, pazia likunjwe, kwa sababu paa linahitaji joto la ndani ili theluji iyeyuke kabla ya uzito wake kuvunja muundo. Agizo hilo lingepaswa kuwa limeandikwa kwenye kompyuta na kubandikwa ukutani siku ya makabidhiano. Kwetu tulilikuta ndani ya mwongozo, katika kurasa za nyuma.

Kuhusu mitambo sina mengi. Mota ni imara, swichi za kikomo zimeshika nafasi yake, na nyaya zilihitaji kukazwa upya baada ya msimu wa kwanza, jambo ambalo ni la kawaida. Kitambaa cha namna hii hukadiriwa kudumu miaka 5 hadi 10, na maadui wake ni msuguano kwenye nyaya, mionzi ya jua kwenye mikunjo iliyo wazi, na dawa zenye salfa. Mwenye kupuliza au kufukiza salfa aulize mapema.

Kivuli cha pazia lililokunjwa kinastahili maneno zaidi. Hata likiwa limekunjwa, pazia linabaki kama furushi refu chini ya kenchi, na furushi hilo huzuia asilimia kadhaa ya mwanga kila siku ya mwaka. Kwa mboga za matunda kama nyanya, matango na pilipili hoho, kanuni inayotumika shambani ni kwamba asilimia 1 ya mwanga ni karibu asilimia 1 ya mavuno. Hivyo unene wa furushi unaingia moja kwa moja kwenye faida, na mnunuzi ana haki ya kuuliza furushi la kitambaa anachouziwa lina upana gani likikunjwa kwenye nafasi ya kenchi zake. Mapazia yanayosafiri kutoka kenchi hadi kenchi hugawanyika katika mafurushi mengi madogo yanayojificha chini ya chuma kilichokuwa kikitoa kivuli tayari, na kwa sababu hiyo nayapendelea kuliko yale yanayosafiri kutoka mfereji hadi mfereji na kuacha furushi moja kubwa. Kampuni iliyotuuzia ilitushauri vizuri katika hili, nami naishukuru.

Suala la moto lisiachwe kando. Pazia linatandaza kitambaa cha plastiki juu ya eneo lote la kitalu, na cheche moja kutoka kwa fundi wa kuchomelea au kwenye taa inaweza kusafiri nalo kutoka mwisho hadi mwisho. Zipo aina zilizotengenezwa kutoshika moto kwa urahisi, na zipo njia za kuweka mikanda ya kitambaa cha namna hiyo katikati ya kitambaa cha kawaida ili moto ukatike. Tulichagua aina isiyoshika moto kwa urahisi katika eneo lote, na sijuti.

Nilisema pazia litangulie boila, na ninadaiwa sababu. Boila ya kisasa inayonasa joto la mvuke wa moshi wake inaweza kupita ufanisi wa asilimia 90, ikilinganishwa na asilimia 80 hadi 85 za boila ya kawaida, lakini inafika huko tu ikiwa maji yanayorudi kutoka kwenye mabomba yako chini ya nyuzi joto 55 hivi. Kitalu kisicho na pazia kinadai maji ya moto sana usiku wa baridi, na maji hayo hurudi yakiwa bado na moto mwingi, hivyo boila hiyo ya gharama hufanya kazi kama ile ya zamani. Pazia likishusha mahitaji, maji yanaweza kuzunguka yakiwa na joto dogo zaidi, na ndipo boila mpya inapoonyesha thamani yake. Hali ni hiyohiyo kwa pampu ya joto, ambayo hupenda maji ya joto dogo kuliko hata boila. Tena, mwenye pazia anaweza kuagiza boila ndogo kuliko aliyekuwa ameipangia. Anayeanza na boila ananunua ukubwa ambao baadaye hatauhitaji.

Taa zinafuata mantiki hiyo kwa njia nyingine. Taa za LED zinazouzwa sasa kwa vitalu hutoa mikromoli (kipimo cha wingi wa mwanga) 3 au zaidi za mwanga unaotumiwa na mmea kwa kila juli ya umeme, wakati taa bora za sodiamu hutoa 1.7 au 1.8, kwa hiyo mwanga uleule unapatikana kwa umeme pungufu kwa asilimia 40 hivi. Lakini taa za sodiamu zilikuwa pia zikipasha joto vichwa vya mimea, na zikiondolewa pengo hilo linarudi kwenye boila. Mwenye pazia analiziba kwa gharama ndogo. Asiye na pazia anashangaa kuona bili ya umeme imeshuka na ya gesi imepanda. Kwa feni za kuzungusha hewa jibu ni jepesi: mahitaji ya umeme ya feni hubadilika kwa mchemraba wa mwendo wake, hivyo feni inayozungushwa kwa asilimia 80 ya mwendo hutumia karibu nusu ya umeme, na kifaa cha kudhibiti mwendo kinastahili bei yake karibu kila mahali.

Wapo wasiohitaji pazia hili la alumini. Kitalu ambacho hakipashwi joto kabisa, kinachotaka kupunguza jua la mchana pekee, kitafute kitambaa cha kivuli chenye nafasi wazi za kupitisha hewa. Kitalu cha plastiki ya tabaka moja kianze kwa kuongeza tabaka la pili lililojazwa hewa kwa feni ndogo, hatua ambayo hupunguza upotevu wa joto kwa asilimia 35 hadi 40, na feni hiyo ivute hewa ya nje iliyo kavu, isivute ya ndani, ili maji yasikusanyike kati ya matabaka. Na kitalu chenye vioo vilivyopasuka na madirisha yaliyopinda kitengeneze hivyo kwanza.

Kwa aliyeamua kununua, nashauri mkataba uandike mambo ambayo sisi tulilazimika kuyapigania: kwamba kuziba kingo zote, nguzo zote na mwisho wa kila kenchi ni sehemu ya bei, kwamba mwanya unaoruhusiwa pazia likifungwa umetajwa kwa milimita, kwamba makabidhiano yatafanyika usiku, boila ikiwa inawaka, mkulima akiwa na kijiti cha moshi mkononi na fundi akiwa na ngazi, kwamba kompyuta itapangwa kukunja kwa vipande na kwa mionzi ya jua, na kwamba fundi atarudi baada ya msimu wa kwanza kukaza nyaya bila malipo mapya. Sisi sasa tunalipangia pazia la pili, la kitambaa kinachopitisha mwanga, litakalokaa chini ya hili la alumini na kubaki limefungwa hata katika asubuhi za mawingu. Kampuni ileile imeleta makadirio, na safari hii ukurasa wa kwanza wa makadirio hayo unahusu kingo.